Habari ya Piano Yetu

Wengi wenu mwakijua kinanda cha kanisani, kile cha zamani cha kukanyaga kwa miguu au hiki cha siku hizi cha umeme. Leo nataka kuwaeleza habari ya ndugu yake, ndiyo piano, maana nimekaa nayo nyumbani mwangu miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo nimeikosea mara nyingi, na kosa moja limempata mtoto wangu. Naona watu wa vijiji vyetu wameanza kununua piano kuukuu kwa wageni wanaorudi kwao, au kupewa bure. Mtu akipewa ng'ombe huuliza anakula nini. Akipewa piano haulizi neno, huitafutia nafasi ukutani tu.

Yetu naliinunua Tanga kwa mama mmoja wa Kizungu, muuguzi, aliyekuwa akifunga mizigo yake. Bei haikuwa kubwa. Gharama ilikuwa katika kuichukua. Vijana wanane waliipandisha katika lori, na njia nzima hata kufika kwetu chini ya milima ya Usambara nalikaa nyuma nikiishika kama mtu amshikavyo mgonjwa. Mama watoto alipoiona ikishushwa alisema, "Baba, umetuletea kabati lisilo na mahali pa kutia nguo."

Kwanza nieleze piano ni kitu gani, maana wengi huidhani kuwa ni aina ya kinanda cha upepo. Sivyo. Ndani yake hamna mvukuto wala filimbi. Mna nyuzi za chuma, na ukigusa kibao kwa kidole, kinyundo chenye kichwa cha sufi iliyoshindiliwa huruka na kuupiga uzi, kisha hurudi nyuma mara ile ile ili uzi upate kulia. Mtu wa kwanza aliyeitengeneza ni Bartolomeo Cristofori wa Florence katika nchi ya Italia, yapata mwaka 1700, na moja katika piano zake, ya mwaka 1720, ingaliko New York katika nyumba ya makumbusho. Piano za sasa zina vibao 88. Yetu, kwa kuwa ni ya zamani, ina 85. Walakini nyuzi ni nyingi kuliko vibao. Sauti za chini kabisa zina uzi mmoja mmoja, mnene, uliozungushiwa shaba. Zinazofuata zina nyuzi mbili mbili. Na nyingi zilizobaki zina tatu tatu, hata jumla hupita mia mbili. Kila uzi umevutwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 70 au zaidi, na ukizijumlisha zote utapata tani 15 mpaka 20. Ndiyo sababu ndani mna fremu ya chuma cha kusubu, ambayo Alpheus Babcock wa Boston aliipatia hataza mwaka 1825, na ndiyo sababu wale vijana wanane walitokwa na jasho.

Haya yote siku zile sikuyajua. Naliiweka piano chini ya dirisha la mashariki, penye mwanga, ili wageni waione wakiingia. Asubuhi jua likaipiga ubavuni. Wakati wa mvua, matone yakairukia. Mama watoto akaifunika kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa akaweka picha ya arusi yetu, na kando ya picha chombo cha maua chenye maji. Masika ya kwanza vibao kumi na kimoja vilikataa kupanda: ukivigusa vyashuka, vikishuka vimekwisha. Nikavitia mafuta ya nazi. Siku mbili vilipanda. Siku ya tatu mafuta yakashikana na vumbi, vikawa vibaya kuliko kwanza.

Mwaka wa tatu sauti zikaanza kuachana. Nikafungua kifuniko, nikaviona vile vigingi vidogo vya chuma vilivyofungiwa nyuzi, nikajiambia, hivi ni kama vigingi vya zeze; mtu akivizungusha, sauti hupanda. Nikaleta koleo ya kutengenezea baiskeli. Kigingi kikakataa. Nikakitia mafuta ya cherehani kilainike, nikatia na kwa jirani zake, kwa kuwa chupa ilikuwa tayari mkononi, nikazungusha tena kwa nguvu zangu zote. Uzi ukakatika kwa mlio kama wa bunduki, na ncha yake ikapita karibu na jicho langu la kushoto. Nikafunga kifuniko, na miaka mingi sikukifungua tena.

Basi piano ikashuka yenyewe polepole, kama maji katika mtungi wenye ufa usioonekana. Mtu ataniuliza, Mwalimu, wewe wafundisha kwaya, hukusikia? Sikusikia. Sisi tulifundishwa kuimba kwa do, re, mi, na do yetu huhama: leo iko hapa, kesho iko pale, mradi nyingine zikae mahali pake kuifuata. Piano ikishuka yote pamoja, mwimbaji wa do, re, mi hashituki. Naliona tu kwamba ilikuwa nzito kidogo, nikadhani ni uzee.

Binti yangu alizaliwa piano ikiwa imekwisha kukaa nasi. Alipokuwa na miaka mitano alipanda kitini mwenyewe akatafuta kwa kidole kimoja wimbo aliousikia kwa mama yake jikoni, akaupata. Nikamfundisha kidogo nilichokijua, akanimaliza upesi. Mara moja moja aliniambia, "Baba, kinanda cha kanisani kiko juu." Nikamjibu kwamba kinanda cha kanisani ni cha umeme na vitu vya umeme vina sauti kali. Jibu hilo lilinitosha mimi.

Alipotimia miaka tisa palikuwa na mashindano ya kwaya za mitaa, na watoto wetu walihitaji mtu wa kuwapigia kinanda. Nalimtia yeye, kwa furaha na (nakiri) kwa majivuno. Siku ile alipanda mbele ya watu, akaweka vidole, akapiga mapigo mawili, akaacha. Akatazama vidole vyake. Akaanza tena, akaacha tena. Watoto wa kwaya walikuwa wamefumbua vinywa tayari. Mara ya tatu alishuka kitini akaja mbio kwangu akilia, akasema, "Baba, kinanda kile chasema uongo." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi sikucheka. Nalimwambia kwa sauti ambayo waliokuwa karibu waliisikia, "Umeniaibisha." Kwaya ikaimba bila kinanda, na njiani kurudi nyumbani hakuna aliyesema neno.

Tangu siku hiyo hakuigusa piano miezi mitano. Siku moja mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba fundi wa piano kutoka Dar es Salaam amekuja Tanga kwa kazi, mzee, aliyejifunza zamani kwa Mgoa mmoja. Nikampigia simu. Nia yangu ilikuwa kuiuza, na piano isiyolia vizuri haina mnunuzi.

Mzee alifika na mkoba mmoja wa ngozi. Hakukaa, hakunywa maji. Alizunguka piano kwanza kama daktari. Akaondoa maua, akaondoa picha, akanipa. Akavuta ubao wa chini, na hapo pakatoka kiota cha panya kilichotengenezwa kwa sufi ya piano yenyewe. Akafungua juu, akapitisha kidole penye vigingi, akakinusa kidole, akauliza, "Mwalimu, nani ametia mafuta hapa?"

Nikasema, "Ni mimi, mzee wangu."

Akanyamaza kidogo. "Vigingi hivi vinashikwa na mti peke yake," akasema. "Havina parafujo. Mti ukinywa mafuta hauwezi kushika tena. Bora ungalitia mchanga."

Kisha akatoa mkobani uma wa sauti. Ni chuma chenye meno mawili, ambacho John Shore, mpiga tarumbeta wa London, alikibuni mwaka 1711, na hata leo hakijapata badiliko kubwa. Ukikigonga gotini na kusimamisha mkia wake juu ya meza, chalia sauti moja, wala hakibadiliki kwa mvua wala jua kama nyuzi zibadilikavyo. Wake ulikuwa wa sauti ya A, yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo mkutano wa London wa mwaka 1939 uliichagua iwe kipimo cha vyombo vyote, na shirika la viwango la mataifa likaithibitisha mwaka 1955. Akaugonga, akausimamisha.

Binti yangu alikuwa mlangoni. Akasema, "Hicho ni kibao cheusi, babu. Kile kinachofuata A."

Mzee akageuka. Akagusa kibao cheusi alichosema mtoto, na kweli, sauti yake na ya uma zilikuwa moja. Akagusa A yenyewe: ilikuwa chini nusu sauti nzima, yapata mitetemo 415. Akaugonga uma tena, akaniangalia mimi, si mtoto.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu ana masikio ambayo katika kazi yangu nimeyaona mara tatu tu. Anaijua kila sauti kwa jina lake, kama wewe ujuavyo rangi. Na piano hii imemfundisha majina ya uongo. Alipopiga kinanda kilicho sawa, kila kidole kilimletea sauti ya jirani. Ni kama ungaliandika herufi moja ubaoni, ikatokea nyingine."

Sikuweza kumtazama mtoto. Nalitoka nje nikasimama penye banda la mbuzi kama mtu mwenye shughuli pale. Jioni ile nalimwita nikamwambia kwamba yeye alisema kweli na mimi nilimkosea mbele ya watu. Akasikiliza. Neno alilouliza lilikuwa hili tu: "Sasa nyimbo zangu zitahama?"

Mzee hakukubali kuipandisha piano siku ile. Akanipigia hesabu. Kupandisha nusu sauti ni kuongeza mvuto wa kila uzi kwa karibu sehemu moja ya nane; kwa piano yenye tani 16, ni kuiongezea tani mbili. Nyuzi zenye kutu zitakatika, na hizo unazozivuta leo zitaukandamiza ubao wa sauti, na zile ulizokwisha kuzivuta zitalegea tena. Akasema nina njia mbili: ailinganishe pale pale ilipo, chini nusu sauti, ipate kulia vizuri peke yake; au aipandishe kwa safari tatu katika muda wa mwaka, nami niwe tayari kulipa nyuzi zitakazokatika. Fedha ya njia ya pili ilikuwa karibu sawa na bei niliyoinunulia. Nikauza ndama.

Kazi yake nalikaa nikiitazama, na ningependa ninyi pia muijue, maana watu hudhani fundi hutafuta sauti tamu. Hatafuti utamu, huhesabu mawimbi. Nyuzi mbili zikilia pamoja, moja ikitetema mara 440 kwa sekunde na ya pili mara 441, sikio husikia sauti moja inayovimba na kunywea mara moja kila sekunde. Zikiwa 440 na 443, hunywea mara tatu. Fundi huziba nyuzi za kandokando kwa utepe wa sufi, huuvuta uzi mmoja kwa ufunguo wake, hata mawimbi yapoe au yafikie kasi aitakayo. Maana si kila mahali hutaka yakome. Ukianza na sauti moja, ukapanda kwa hatua za tano zilizo safi kabisa mara kumi na mbili, ungetazamia kuifikia sauti ile ile oktava saba juu. Lakini wafika ukiwa umezidi kidogo, kama robo ya nusu sauti. Basi ziada hiyo sharti igawanywe, na kila hatua ya tano ipunguzwe kidogo sana, ili nyimbo za kila funguo ziweze kuimbwa. Mzee alikuwa na simu yenye programu ya kupima sauti. Akaitumia kuhakikisha A, akairudisha mfukoni. Akasema simu husikia vizuri lakini haishiki ufunguo, na kazi ngumu ni mkono: kukiacha kigingi mahali ambapo kitakaa, hata kibao kikipigwa kwa nguvu.

Alipokuwa akisafisha vibao vyeupe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo (si maji, maana gundi huachia), alinionyesha katika kila kibao mstari mwembamba panapoungana vipande viwili. "Hii ni pembe," akasema. Pembe ya ndovu. Nalikaa miaka yote hiyo nikidhani ni mfupa wa ng'ombe. Katika karne ya kumi na tisa pembe zilibebwa mabegani kutoka bara kupitia Tabora hata Bagamoyo, na wapagazi wa kulipwa na watumwa pia, zikavuka Unguja, na kutoka Unguja zikaenda London, na Bombay, na Marekani, ambako katika jimbo la Connecticut upo mji ulioitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, kwa sababu ya kazi hiyo moja: kuzipasua vipande vyembamba kama ukucha na kuzianika juani chini ya vioo ziwe nyeupe, kwa ajili ya vibao vya piano. Biashara ya pembe kati ya mataifa ilikatazwa kwa mapatano ya mwaka 1989, na piano mpya zina vibao vya plastiki. Tangu siku hiyo nikivipangusa vibao vile sivipangusi upesi.

Sasa maagizo yake, nayaandika kama nilivyoyashika. Piano tuliisogeza ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na nyuma yake tukaacha nafasi ya kupitisha mkono. Juu yake hapawekwi kitu chenye maji, wala hata picha, maana picha hutetemeka na kulia. Adui mkubwa kwetu ni unyevu. Watengenezaji hupenda hewa ya nyumba iwe na unyevu kati ya asilimia 40 na 60. Kwetu wakati wa masika huzidi 80. Ubao wa sauti hunywa unyevu ule, huvimba, huzisukuma nyuzi, na sauti hupanda. Kaskazi ikivuma na nchi kukauka, hushuka. Basi usimwite fundi mvua zinapoanza, utapoteza fedha. Ngoja majuma kadhaa hata mti utulie. Mara mbili kwa mwaka ni vizuri. Mara moja ni lazima.

Kwa unyevu wenyewe alitaka niweke ndani, chini, mbali na mti na sufi, taa ndogo ya umeme ya wati 15 iwake usiku na mchana wakati wa mvua, ipashe hewa joto kidogo. Nikaenda Muheza kununua, nikauziwa taa za siku hizi, nzuri, za bei nafuu, zisizotoa joto hata kidogo! Naliipata ya zamani yenye waya kwa mtu anayelea vifaranga. Vibao havijakwama tangu hapo. Kwa nondo alitaka nifungue ubao wa chini kila mwezi nipanguse. Nondo hupenda giza lisilosumbuliwa, na panya kadhalika. Chini ya miguu ya piano tukaweka vikombe vya kioo, kwa habari ya mchwa. Na mafuta yasiingie tena kamwe, ya nazi wala ya cherehani wala ya kupuliza.

Nalimwuliza kama mwenye piano aweza kujifunza kuilinganisha mwenyewe, kwa kuwa nalisoma habari za Claude Montal wa Paris. Mtu huyu alipofuka utotoni, akasoma katika chuo cha vipofu cha Paris, akajifunza kazi ya piano kwa kupapasa tu, akawa fundi mashuhuri, na mwaka 1836 akatoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu kulinganisha piano zao wenyewe. Mzee akacheka. Akasema Montal hakuwa na koleo ya baiskeli. Hata hivyo, safari ya pili alinipa ufunguo wake mkononi, akanionyesha sauti moja yenye nyuzi tatu, mbili zikiwa sawa na ya tatu imeachana nazo kidogo, akaniacha niirudishe. Ilinichukua nusu saa. Hilo tu ndilo ameniruhusu hata leo, nami naona ametenda haki.

Nyuzi nne zilikatika katika safari zile, mbili kati yake penye vigingi nilivyovitia mafuta; akavibadili, akatia vinene zaidi. Safari ya tatu, mwezi wa Agosti, alimaliza saa kumi alasiri. Akaugonga uma, akagusa A, na hapakuwa na wimbi lolote kati yao. Mama watoto akamletea chai. Mzee akamwita binti yangu, akasema, "Haya, mjukuu wangu, kaa."

Akakaa. Akaweka vidole penye C, akaanza wimbo wake, ule wa mama yake jikoni. Baada ya mapigo mawili akaacha, akatazama vidole vyake kama siku ile. Nami moyo ukanipiga. Hakulia. Akaigusa C peke yake, tena na tena, akiiinamia. Kisha akausogeza mkono kushoto kibao kimoja, akaanza upya kutoka pale, penye vibao vyeusi vitano ambavyo hakupata kuvihitaji katika wimbo ule, polepole sana, akikosea na kusahihisha. Mzee alinishika mkono nisiseme neno. Chai yake ikapoa. Alipofika mwisho, alirudisha mkono kulia akaupiga wimbo kutoka C, akakunja uso, akaurudia.

Mzee aliondoka na basi la jioni. Tulipokula usiku alikuwa angali kitini.